Mchochezi, mchonganishi au mchokozi? Nahitaji neno kabla ya Jumamosi

Katibu_Muheza

Habari za jioni wanajukwaa, na kwa wakubwa shikamooni.

Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Muheza. Tuko wanachama 28, wengi wauza machungwa na wenye vigenge sokoni. Naomba msaada wa neno moja tu, ila neno lenyewe limenikosesha usingizi.

Jumamosi iliyopita, kabla sanduku halijafunguliwa, mama mmoja (nitamwita Mama K) aliinuka akauliza: riba iliyokusanywa miezi mitatu hii ni shilingi ngapi, na kwa nini haisomwi? Mwenyekiti akamjibu itasomwa siku ya mgao. Mama K akasema, "Siku ya mgao kila mtu ana haraka ya kwenda kununua bati. Nani atakaa asikilize hesabu?" Hapo kelele zikaanza. Ikajulikana kwamba wiki nzima alikuwa akipita kwa wenzake, nyumba hii na ile, kuwauliza kama wao wanaijua hiyo riba. Mwenyekiti akanigeukia: "Katibu, andika. Huyu mama ni mchochezi."

Nikaandika. Tena sikuandika kwamba mwenyekiti amesema. Niliandika "Mama K ni mchochezi," kama vile ninavyoandika fulani amechelewa na ametozwa faini.

Kwetu muhtasari husomwa mwisho wa kikao, kisha kila mmoja anasaini. Mama K alisikiliza mpaka nilipofika hapo, akaweka kalamu chini. Akaniambia kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma: "Mwanangu, andika nimeuliza. Usiandike nimechochea. Neno hilo likifika kituoni, hakuna atakayeniuliza swali la pili." Akaondoka bila kusaini. Kwa katiba yetu, muhtasari wenye saini pungufu haufungui kikao kinachofuata.

Sasa kila mtu ana neno lake. Mweka hazina anasema nibadilishe niweke "mchonganishi," eti ni jepesi zaidi. Mzee mmoja anasema "mchokozi." Nimefungua kamusi yangu ya nyumbani, ila kila neno linanirudisha kwenye ugomvi, nami najua hayawezi kuwa kitu kimoja. Tusingekuwa nayo yote.

Maneno haya yanatofautianaje? Sitaki mtu avunjiwe heshima kwa kalamu yangu.

---

Abuu_Ngamiani

Mwandike mfitini, imekwisha. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba kabla ya kikao ni fitina hiyo. Na fitina tumeshaambiwa ni mbaya kuliko kuua, soma Al-Baqara aya ya 191.

---

Mpishi_wa_Shughuli

Marahaba mwanangu.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Bagamoyo. Harusi, hitima, maulidi, nimepika zaidi ya miaka 30, na mpaka leo sufuria kubwa siliweki kwenye gesi. Kwa hiyo hilo neno nitakueleza kutoka mekoni kwangu, kwa sababu ndiko lilikotoka.

Moto wa kuni una maneno yake. Asubuhi jiko likiwa baridi, unakoka moto. Unapanga vijiti, unatia kifuu au karatasi, unapuliza. Huko ni kukoka, na hakuna mpishi atakayesema anachochea. Kuchochea kunakuja baadaye, kuni zikiwa zimeliwa na moto ncha zake, moto unashuka, nawe unazisukuma ndani ya mafiga ziendelee kuwaka. Zamani hata utambi wa kandili ulikuwa unauchochea ukitaka mwanga zaidi.

Umeona mwanangu? Jiko lililozimika halichocheki. Anayechochea amekuta moto tayari.

Basi hapo ndipo ninapomshangaa mwenyekiti wenu. Kumwita mtu mchochezi ni kukubali kwamba moto ulikuwepo kabla yake. Nani aliukoka? Mimi ningekuwa mwanachama ningeuliza hilo kwanza.

Tena kuchochea si ubaya. Nikizembea kuchochea, wali unakuwa mbichi na watu 300 wanakaa kwenye majamvi wananisubiri. Nikichochea ovyo, unaungua chini na juu haujaiva. Ni kipimo. Ndiyo maana viongozi wanasema kuchochea maendeleo na hakuna anayekamatwa.

Ila lipo neno jingine la mekoni ambalo ninyi vijana mmeanza kulisahau, na ningependa mlishike. Pilau likikauka maji, kuni zinatolewa chini, makaa ya moto yanapaliwa juu ya mfuniko. Chini moto, juu moto. Sasa mtu akienda kwa mkubwa wako akakusema vibaya, ukarudi kazini ukakuta mambo yamekuharibikia, tunasema amekupalia makaa. Wewe ulikuwa na joto lako la chini, shida zako mwenyewe, yeye akakuongezea la juu, huna pa kutokea mvuke. Hilo ndilo alilofanyiwa Mama K, samahani sana kusema. Na makaa yamepita mkononi mwako.

---

Katibu_Muheza

Mama, nimesoma jibu lako mara tatu. Ahsante. Hilo la mwisho limeniingia na sina la kujitetea.

Lakini mbona "kuchochea" linaweza kuwa jema na "mchochezi" halijawahi kuwa jema? Sijasikia mtu akisifiwa kwamba ni mchochezi wa maendeleo.

---

Mwalimu_Kemia

Hilo nalijua kidogo kutokana na kazi. Neno lilipozaa watoto, kila mmoja alikwenda njia yake. Darasani nafundisha kichocheo: kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha. Wa biolojia nao husema vichocheo vya mwili. Kikiwa na ki-, ni kitu, na ni kizuri au hakina neno. Kikiwa na m-, ni mtu, na ni mbaya. Uchochezi nao ukafuata mtu, haukufuata kitu.

Umbo lenyewe halina kosa. Lea huzaa mlezi, tetea mtetezi, pokea mpokezi, chongea mchongezi, chochea mchochezi. Mlezi na mtetezi wamebaki na sifa zao. Mchochezi aliharibikiwa njiani.

---

Bamvua

Assalaam alaykum. Niko Kizimkazi, Unguja.

Kwanza kwa ndugu yangu Abuu. Taratibu na aya hiyo. Wafasiri wanaeleza kwamba fitina iliyotajwa hapo ni kuwatesa watu na kuwatoa katika dini yao. Kuuliza hesabu ya kikoba hakufiki huko hata kwa mkokoteni. Neno fitina lilipoingia katika Kiswahili cha kila siku lilishuka uzito, likawa la maneno ya uani. Ukimbandika mama wa watu kwa uzito wa aya, umemdhulumu.

Sasa huyo "mchokozi" aliyependekezwa na mzee. Mama yangu alikuwa mchokoa pweza. Bamvua likifika na maji yakapwa mbali, wanawake wanatembea juu ya mwamba na mti wenye ncha, wanatafuta shimo lenye maganda ya kome na kaa mlangoni, kwa kuwa pweza akila hutupa uchafu nje. Hapo unachokoa. Unaingiza mti, unatoa, unaingiza, mpaka akasirike aushike, umvute. Ndiyo wazee wakasema chokochoko mchokoe pweza, binadamu hutomweza. Kwa kanga utaikuta mpaka leo.

Mchokozi basi ni tofauti na mchochezi. Mchokozi ana mti wake mwenyewe na anaanza yeye. Pweza alikuwa kimya ndani, hana habari na mtu. Aliyekuwa kimya kikoba kwenu alikuwa nani, na alikuwa kimya kuhusu nini? Ikiwa ni kimya cha mtu asiyedaiwa kitu, basi sawa, kachokozwa. Ikiwa ni kimya cha mtu mwenye daftari la wenzake, huo si uchokozi.

Na "mchonganishi" si jepesi, mwambie mweka hazina. Kwetu sisi ndilo zito kuliko yote, tunamwita kidudumtu. Mchonganishi ana midomo miwili. Kwako atasema fulani anakusema vibaya, akitoka hapo ataingia kwa fulani aseme wewe ndiye unayemsema. Pande mbili zilizokuwa zinaelewana anazitenga, naye anabaki rafiki wa zote mbili. Kipimo chake kipo. Waulize wale aliowapitia: aliwaambia nini? Kama kila nyumba iliambiwa neno lake, huyo ni mchonganishi na muandike bila ya kuogopa. Kama nyumba zote ziliulizwa swali moja, hamna mchonganishi hapo.

---

Nakuru_Mwana

Salamu kutoka Kenya. Nimeona Mama K akisema neno hilo likifika kituoni. Ana haki ya kuogopa, na ningependa ninyi wa Tanzania mjue huku kwetu linasikikaje.

Nilikuwa kidato cha pili hapa Nakuru mwanzo wa 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini. Jirani yetu aliyekuwa akinikopesha baiskeli aliondoka usiku na godoro moja, na sijamwona tena. Hakuna mtu siku ile aliyeshika kipaza sauti akasema "ueni." Maneno yalikuwa ya shamba. Kwekwe. Madoadoa. Walioitwa hivyo walikuwa watu wa makabila mengine. Ukiwa mgeni ungedhani watu wanazungumzia palizi na rangi ya ng'ombe.

Mwaka huohuo wa 2008 ikapitishwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na tume ikaundwa. Aprili 2022, uchaguzi ukikaribia, tume hiyo ilitoa orodha ya maneno iliyotaka wanasiasa wayaache, na madoadoa, kwekwe na mende yalikuwemo. Miezi michache kabla yake seneta mmoja alikuwa amekamatwa kwa kutamka neno madoadoa jukwaani Eldoret.

Kwa hivyo mimi nikisikia mchochezi, sioni kuni wala pilau. Namwona mtu anayewaambia wengine wakafanye ubaya, halafu yeye mwenyewe analala kwake. Mkilitumia kwa mama aliyeuliza hesabu, siku mtakapompata mchochezi wa kweli mtamwita nani?

---

Karani_Mstaafu

Ndugu katibu, nimekuwa karani wa mahakama Arusha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nitasema mambo mawili, la sheria na la kalamu.

La sheria. Neno uchochezi hapa kwetu lina vyumba viwili, na watu hawajui wamesimama chumba kipi. Chumba cha kwanza ni kuwachochea watu watende kosa: wapige, wachome, waue. Chumba cha pili ni kusema au kuandika jambo linalodaiwa kuwafanya wananchi waichukie serikali yao. Hili la pili lilikuwa kwenye Sheria ya Magazeti ya 1976, likahamia kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki, hapa hapa Arusha, ilisema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na vya uchochezi vimo. Kenya walikifuta chumba hiki cha pili mwaka 1997, ndiyo maana ndugu wa Nakuru anapolisikia neno hili anaona cha kwanza tu. Sisi tunalisikia kwa vyumba vyote viwili kwa pamoja, na mwananchi wa kawaida akiambiwa ni mchochezi anaona pingu.

Wapo pia wanaodhani Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa uchochezi. Sivyo. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kashfa, kwa aliyoandika katika jarida la Sauti ya TANU juu ya wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Kashfa ni kumvunjia mtu jina. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu kati ya Mama K na muhtasari wako, aliyevunjiwa jina si mwenyekiti.

Chumba cha kwanza nakijua kwa namna nyingine. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa mjini kwetu, katika jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa. Tarehe 3 Desemba 2003 watu watatu, wawili wa redio ya RTLM na mmoja wa gazeti la Kangura, walitiwa hatiani, na mojawapo ya makosa yao lilikuwa uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kutenda mauaji ya kimbari. Mwaka 1994 redio ile ilikuwa ikitaja watu kwa majina yao na mahali walipo. Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Ndugu wa Nakuru amelitaja neno hilo hilo kwenye orodha ya Kenya ya 2022, miaka 28 baadaye, na nimelisoma mara mbili kuhakikisha sikukosea. Siku ya hukumu nilikuwa na rafiki yangu Mnyarwanda aliyekuwa akiuza vitabu mjini. Alizima redio ya duka, akakaa juu ya boksi, hakuuza kitu mpaka jioni. Tangu siku hiyo mimi neno uchochezi silitamki kwa mzaha.

La kalamu ni fupi. Muhtasari hauandiki mtu ni nani. Unaandika alisema nini, nani alimjibu nini, na kikao kiliamua nini. Ukiandika "Mama K ni mchochezi," umetoa hukumu, na hukuwa hakimu. Ukiandika "Mwenyekiti alisema kwamba Mama K ni mchochezi," hiyo ni kumbukumbu, na mwenyekiti atabeba neno lake mwenyewe. Usitafute neno jepesi zaidi. Ondoa.

---

Mpishi_wa_Shughuli

Karani umesema. Mimi nilikuwa nabishania kuni, kumbe jiko lenyewe halikutakiwa kuwepo pale.

Kanisani kwa majirani zetu niliwahi kusikia likisomwa neno la Mithali, sura ya 26, kwamba moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma. Nililipenda kwa sababu aliyelitafsiri anajua meko. Na ona aliyetajwa pale: mchongezi, yule mpeleka maneno kwa wakubwa. Hakutajwa muulizaji.

---

Katibu_Muheza

Wakuu, narudi na majibu. Ni Jumapili asubuhi.

Nilifanya alivyosema ndugu wa Kizimkazi. Kati ya Jumatano na Ijumaa niliwapitia watu sita kati ya wale waliotembelewa na Mama K, nikawauliza aliwaambia nini hasa. Wote sita walinipa maneno yale yale, wengine mpaka na mkato wa sauti yake: "Wewe unaijua riba yetu imefika ngapi? Mimi siijui." Hakuna nyumba iliyoambiwa neno jingine. Mmoja alisema alimjibu hajui, na Mama K akaaga akaondoka bila hata kunywa chai.

Ijumaa usiku nilikwenda kwa mwenyekiti. Sikupenda kwenda. Ni mtu mzima, amenisaidia mengi, na mke wake ndiye aliyenifundisha kuhesabu hisa. Nikamweleza habari ya kukoka na kuchochea. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo nimesema mwenyewe kwamba moto ulikuwepo." Nikamwambia ndiyo, na ningeandika hivyo kwa jina lake kama anataka. Akasema hapana, futa. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari la riba, na nikaona kwa nini halikusomwa: miezi miwili ilikuwa haijajumlishwa. Hakuna iliyopotea. Ilikuwa haijajumlishwa tu, naye aliona aibu kusema. Tulikaa na kikokotoo cha simu mpaka saa tano usiku. Ikafika shilingi 412,000.

Jana kikao kilifunguliwa kwa hiyo hesabu kabla ya jambo jingine lolote. Mwenyekiti aliisoma mwenyewe, mwezi kwa mwezi, na mweka hazina akaihakiki. Kisha nikasoma muhtasari uliorekebishwa. Sehemu ile sasa inasema hivi: "Mama K aliuliza kiasi cha riba kilichokusanywa kwa miezi mitatu. Mwenyekiti alijibu kwamba kitasomwa siku ya mgao. Mama K alipinga. Kulitokea kelele. Hoja haikuamuliwa."

Mama K aliuomba muhtasari mkononi, akausoma mwenyewe polepole, kidole kikifuata mistari. Akaniambia niondoe "kelele" niweke "mjadala." Nikamwambia, mama, kelele zilikuwepo, na wewe ulikuwa mmojawapo wa waliozipiga. Akanitazama, akacheka, akachukua kalamu.